Shangazi, kijana ametoka Mirembe, kazi sasa iko Kondoa

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia kijana karudi nyumbani kutoka Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Pumzika kidogo, lakini usilegeze. Wodini muuguzi humsimamia mgonjwa mpaka dawa imemezwa. Nyumbani kila kitu kinategemea nauli, foleni na kilichopo dirisha la dawa.

Ile fomu ya ruhusa ina jina la dawa, miligramu na tarehe ya kliniki. Itoe kopi, uipeleke hospitali ya wilaya wiki hii hii, uulize kama wanayo dawa hiyo. Mirembe ipo tangu 1927 na nchi nzima inaitegemea, lakini si haki mtu wa Kondoa asafiri kilomita zaidi ya 150 kufuata vidonge vya mwezi mmoja. Vidonge vyake, haloperidoli ya kutuliza akili na kabamazepini ya kutuliza hisia na kuzuia degedege, ni dawa za zamani, wala si za bei kubwa, na bado zinakosekana. Kituo huagiza kwa kuangalia kilichotumika kipindi kilichopita. Mgonjwa akikuta hakuna, haji tena. Matumizi yanaonekana madogo, na oda inayofuata inapungua zaidi. Ndiyo maana hata ukiambiwa "zimeisha", usiondoke kabla jina lake halijaandikwa kwenye rejista. Anza kufuatilia zikiwa zimebaki za siku 10. Pesa ikikwama, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini uulizie msamaha wa malipo.

Sindano yake ya flufenazini, nayo ya kutuliza akili, ni dawa iliyo kwenye mafuta, inachomwa ndani kabisa ya msuli wa tako na kuachia nguvu polepole kwa wiki 2 hadi 4. Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika: akikosa sindano moja hutaona kitu mara moja. Atalima, atasalimia watu, majirani watasema kapona. Kisha usingizi unaanza kupotea. Akikesha usiku mbili mfululizo, usingoje aanze kuongea peke yake, mpeleke kliniki.

Jambo lingine, na hili nakuomba ulishike sana. Shingo ikipinda upande, macho yakigeuka juu au taya likikaza, hilo limeletwa na haloperidoli au flufenazini, si jini. Hutokea zaidi siku za mwanzo au dozi ikiongezwa. Wengi hutupa vidonge siku hiyo na kwenda kwa mganga, kumbe hospitalini kuna dawa ya kulegeza misuli hiyo, na ikichomwa kwa sindano hufanya kazi upesi. Mpeleke mara moja, hasa akipumua au kumeza kwa shida. Lakini mwili ukikakamaa pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari zaidi: dozi inayofuata ya haloperidoli au flufenazini asipewe, awahishwe hospitali usiku huo huo.

Kabamazepini asiiache ghafla hata akijisikia mzima, anaweza kupata degedege.

Nipigie picha ile fomu, pande zote mbili, unitumie kabla ya Ijumaa. Nataka tuhesabu pamoja vidonge vilivyobaki.