Ukifika Roma, Fuata Maji

Mdogo wangu,

Orodha yako ya Roma nimeipata: mambo kumi na manne, siku tatu. Nimeisoma mara mbili na roho ikaniuma, maana safari yangu ya kwanza nilikwenda na orodha kama hiyo hiyo. Nilirudi na picha tele na miguu imevimba, na mama aliponiuliza nimeona nini, sikuwa na la kumsimulia. Safari ya pili nilifuata maji. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako unayefunga mzigo.

Anza na mabomba ya barabarani. Utayakuta mitaa mingi, mafupi, ya chuma, yakimwaga maji usiku na mchana. Wenyeji huliita nasone, yaani pua kubwa, kwa ule mdomo wake uliopinda. Mjini yapo zaidi ya elfu mbili, na maji yake ni safi, ya baridi, ya bure. Usihangaike kuinama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye mkunjo wake, unywe kama mtu. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akimnywesha mbwa wake. Hakusema neno, alinishika tu kidole akakiweka panapotakiwa.

Kisha nenda Trevi, na uende alfajiri, kabla watu hawajajaa. Chemchemi ile ilikamilika mwaka 1762, lakini njia inayoilisha ni ya zamani mno: Aqua Virgo, mfereji aliouleta Agrippa, jemadari wa Kirumi, mwaka 19 KK, sehemu kubwa ukipita chini ya ardhi. Umekarabatiwa mara nyingi, ila haukuachwa ufe. Ukitoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Pantheon, hekalu la kale la Warumi, na jina la Agrippa utalikuta limechongwa juu ya nguzo za mbele. Yeye alijenga la kwanza. Hili unaloliona ni la wakati wa Kaisari Hadrian. Kuba lake lina upana wa mita 43 hivi, na katikati pana tundu la karibu mita tisa, wazi, bila kioo. Ukibahatika mvua ikanyesha, usikimbie. Ingia. Itazame ikishuka kutoka tunduni hadi sakafuni, kisha itafute inakokwenda: sakafu imeinuka kidogo katikati, na kwenye marumaru kuna vitundu vidogo vinavyoyameza maji.

Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale, uione, sikukatazi. Kata tiketi mapema mtandaoni, usije ukaumalizia mchana wako kwenye foleni. Lakini ukitoka, tembea dakika chache hadi kanisa la San Clemente, na hapo ndipo ninapokusihi usiwe na haraka.

Juu ni kanisa la karne ya 12, dari yake ya dhahabu. Unalipia, unashuka ngazi, unajikuta ndani ya kanisa jingine, la karne ya nne, lililofukiwa ili hili la juu lijengwe. Unashuka tena. Sasa uko kwenye nyumba za Warumi wa kale, na chumba chembamba chenye mabenchi ya mawe kandokando walimomwabudu mungu wao Mithras. Hewa ni nzito, kuta zina unyevu. Hapo nilisikia maji. Nilidhani bomba limepasuka, nikafuata sauti kutoka chumba hadi chumba mpaka nikayaona yakienda kasi ndani ya mfereji, gizani, huku magari yakipita juu yetu. Nilikaa pale hadi wenzangu wote wakapanda.

Jioni teremka mtoni, uvuke Ponte Fabricio uingie kisiwani. Daraja hilo ni la mwaka 62 KK na watu bado wanapita juu yake kwenda hospitalini, maana kisiwa kile, tangu enzi za hekalu la Aesculapius, mungu wa tiba, wagonjwa hawajaacha kukiendea.

Kwa hiyo futa saba kati ya yale kumi na manne. Saba gani, chagua wewe. Viatu viwe vile mguu umeshavizoea. Makanisani funika mabega na magoti, beba mtandio. Na chupa, mdogo wangu, ibebe tupu.

Ukifika kule chini San Clemente, niandikie kama sauti bado ipo.

Nduguyo