Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Katika kushona mifarishi, yaani matandiko ya viraka, mwaka huu tuliacha kuunga kiraka kimoja kimoja, tukashika ushonaji wa mikanda, yaani vipande virefu vyembamba vya kitambaa. Taarifa yangu ni ya kazi hiyo. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Mabaki ya vitenge tunayopewa na mafundi, ambao nawashukuru sana, tunayakata mikanda ya upana wa inchi 2 na nusu na kuiunga minne minne kwa urefu. Kwa mshono wa robo inchi, pande hutoka na upana wa inchi 8 na nusu. Kisha tunalikata kwa kukingama kila inchi 8 na nusu, tunapata miraba. Mikanda yenye urefu wa inchi 45, ambao ndio upana wa kitenge, hutoa miraba 5. Mmoja mikanda yake tunailaza, wa jirani tunaisimamisha, na rangi zinapanda ngazi zenyewe. Miraba 80, minane kwa kumi, kila mmoja ukibaki inchi 8 baada ya kuungwa, hutoa mfarishi wa inchi 64 kwa 80, unaomtosha mtu mzima.

Robo inchi hiyo naisisitiza. Mshono ukizidi kuingia ndani kwa thumuni (sehemu ya nane) ya inchi tu, kwa kuwa kila mshono hula mikanda miwili, mishono mitatu inakula robo tatu ya inchi zaidi, na mraba wako haukutani na wa mwenzako. Ndiyo maana kamati iliagiza kila cherehani ibandikwe utepe wa kipimo kando ya sindano. Pande likianza kupinda, mkanda unaofuata uanzieni upande wa pili. Na kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa: pamba hurudi, na nyekundu iliyokoza huchuja juu ya nyeupe.

Wapo wenzetu wanaoona haya kuuza kitu cha mabaki. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mifarishi ya familia zao kwa nguo za shamba zilizochakaa, na mwaka 2002 ikaoneshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na New York. Bei yetu tuitaje bila kuinamisha kichwa.

Ninaomba mkutano uidhinishe kununua pasi ya pili. Kila mshono unataka kulazwa kwa pasi kabla ya mkanda unaofuata, na kinachotuchelewesha sasa ni foleni ya pasi, si cherehani.

Mwenyekiti