Shukrani kwa kaka wa sponji

Kaka uliyenikuta Kariakoo nikitaka kununua kambare sita wa mapambo, Corydoras, jina lako sikuuliza. Asante sana. Tangi nilikuwa nimelijaza maji ya bomba asubuhi ileile, nawe ukanizuia nisilipe. Kesho yake ukaniletea sponji ya chujio la tangi lako, chafu, inanuka tope (mke wangu alitaka kuitupa!), kumbe ndimo wanamoishi bakteria wanaomaliza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Ukaniambia pia nitoe kokoto zenye ncha, niweke mchanga laini, sharubu zisichubuke.

Nilisubiri wiki tano, ndipo nikawanunua. Mfuko wenye samaki ukaelea tangini dakika 20, kisha nikaongeza humo maji ya tangi kikombe kwa kikombe. Wote sita wazima. Sasa hivi wanachimbua mchanga, mmoja kajificha nyuma ya kigae.