Wachambuzi wa kikapu nao wasahihishwe

Mhariri,

Kila mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, unapokaribia, kurasa za michezo hujaa ubashiri: fulani atashinda kwa mechi tano (anapita anayetangulia kushinda nne), fulani hatoki raundi ya kwanza. Gazeti lako nalo hutuwekea jedwali la namna hiyo, maoni ya wachambuzi wa Marekani yakiwa yamepangwa vizuri. Mimi hulisoma lote. Ninachouliza ni kwa nini raundi ikiisha jedwali lile halionekani tena.

Chukua mwaka 2023. Miami Heat walipenya tundu la sindano: wakafungwa na Atlanta katika mchujo wa kuwania kuingia mtoano, wakaponea kwa Chicago, wakaingia wakiwa wa nane, wa mwisho, katika kanda ya Mashariki. Wakakutana na Milwaukee Bucks, timu yenye rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 58, wakawatoa 4-1. Hapo wabashiri wana utetezi, kwa sababu Giannis Antetokounmpo, nyota wa Bucks, aliumia mgongo mechi ya kwanza tu. Fainali ya Mashariki wakakutana na Boston, na hesabu za kompyuta za ESPN, runinga ya michezo ya Marekani, zikawapa Heat asilimia 3 ya kupita. Wakaongoza 3-0, wakafikiwa 3-3, kisha wakashinda mchezo wa saba kulekule Boston, 103-84.

Siicheki ile asilimia 3. Anayetoa asilimia hajasema haiwezekani, tena anakagulika: kusanya ubashiri wake wa misimu kumi, utazame kama timu alizozipa asilimia 80 zilishinda kweli mara nane katika kumi. Ugomvi wangu ni na yule wa studio, mwenye suti na sauti nzito, anayetangaza "Boston kwa mechi tano, habari imekwisha", na wiki mbili baadaye yuko kwenye kiti kilekile akitueleza kwa nini Miami lazima wangeshinda.

Hilo la kutaja idadi ya mechi ndilo linalonikera zaidi. Tuseme tunajua kwa hakika (na hakuna anayejua) kwamba timu ina asilimia 60 ya kushinda kila mechi. Piga hesabu ya mfululizo wa mechi saba: itapita kama mara 71 katika 100. Lakini kupita kwa mechi sita kamili ni kama mara 21 tu, na kwa mechi tano ni 21 vilevile. Kwa hiyo hata mwenye siri zote za timu, akitaja idadi ya mechi, atakosa karibu mara nne katika tano. Halafu mtu anaitaja kama anayesoma tarehe kwenye kalenda!

Mwaka 2025 wengi niliowasikia walisema Oklahoma City, wenye ushindi 68, wangewamaliza Indiana Pacers upesi kwenye fainali. Oklahoma City wakachukua kombe, na wabashiri wakajipongeza. Waliruka kwamba mchezo wa kwanza Tyrese Haliburton wa Pacers alifunga zikiwa zimebaki sekunde 0.3, ikawa 111-110, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Pacers kuongoza usiku ule. Mfululizo ulifika mechi ya saba, na humo Haliburton akakatika kano ya kisigino robo ya kwanza. Wapi kwenye majedwali paliandikwa hayo?

Watanzania hili tumeshaliona karibu kabisa. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba, ambao ndio waliokuja kuwa nyota wakubwa. Thabeet hakujichagua, walimpima watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini mpaka leo kejeli anazibeba yeye, si waliompima.

Na huku kwetu jambo hili lina gharama. Vijana wengi mtaani hawalisomi jedwali kwa raha, wanatafuta cha kuweka kwenye mkeka. Neno la "mtaalamu" likikaa ukurasa mmoja na tangazo la kampuni ya kubeti, kijana analichukua kama taarifa ya ndani, na hela ya kodi inakwenda.

Ombi langu: mkichapa ubashiri wa raundi ya pili, chapeni kando yake ule wa raundi ya kwanza, kila jina na alama yake ya vema au kosa. Anayetoa sababu, nani atamkaba nyota kama Nikola Jokić, nani anacheza na goti bovu, mpeni nafasi kubwa kuliko anayetaja namba tupu. Mkikosa mtu wa kusahihisha, sisi tunaoamka saa tisa na nusu usiku kutazama mechi tupo, na hatutadai malipo.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam