Kichupa Usikitupe

Mwanangu Neema,

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Unasema miezi minane imekwenda na maji: nukleosidi yako, ile shanga ya vinasaba uliyoibadilisha, iliwaua vimelea wa malale kwenye vyombo vya maabara, lakini ndani ya panya haikufua dafu, kimeng'enya cha damu kiliigeuza kabla haijafanya kazi. Ukasema utaimwaga.

Wewe mwenyewe ulinifundisha jinsi nukleosidi zinavyofanya kazi kwa shanga za bibi yako, pale mkekani. Kirusi kinapojinakili kinatunga vinasaba vyake, shanga moja baada ya nyingine. Ukikichomekea iliyozibwa tundu upande wa pili, uzi haupiti tena. (Bibi bado anaidai ile uliyoiziba kwa nta.)

Sasa nisikilize. Mwaka 1964, kule Detroit, Jerome Horwitz alitengeneza shanga ya namna hiyo. Alichukua thimidini, shanga ya kawaida ya vinasaba, akaondoa haidroksili kwenye kaboni ya tatu ya sukari, ndilo tundu la uzi, akaweka azido, nitrojeni tatu, kuwa kizibo. Ndiyo AZT. Alikuwa anatafuta dawa ya saratani, na panya wake hawakupona. Akaiweka kando, hata hataza hakuomba. Ukimwi ulipoingia ndipo watafiti wengine wakaifukua, na Machi 1987 Marekani ikaiidhinisha kuwa dawa ya Ukimwi.

Miaka ya tisini mimi nilikuwa muuguzi wodi ya wanawake, na AZT kwetu ilikuwa jina la kusikia redioni. Mgonjwa akiniuliza dawa, namgeuza ubavu wa pili, nampaka mafuta mgongoni asiote vidonda. Nilikuwa sina jibu lingine. Dawa za bure zilianza kutufikia kuanzia 2004. Leo mtu anameza kidonge kimoja kwa siku, na kati ya dawa tatu zilizomo, mbili, tenofovi na lamivudini, ni ukoo huohuo wa shanga zilizozibwa.

Sikudanganyi kwamba ya kwako nayo itafufuka. Nyingi hazifufuki. Ila wazo lako silioni bovu hata kidogo. Si ulinieleza kwamba vimelea hao hawawezi kujitengenezea purini, malighafi ya baadhi ya shanga hizo, wanaishi kwa kuchota za mwenyeji wao? Anayekula kwa kudoea ni rahisi kumtegea chakula. Na kordisepini, ile nukleosidi ya kwenye kuvu, si nayo iliharibiwa na kimeng'enya hichohicho, mpaka watafiti wakaipa dawa nyingine ya kuikinga? Basi wewe umekwama palepale walipokwama wakubwa zako. Mwalimu wako akikununia, mwambie hivyo kwa adabu.

Kichupa kiandike namba na tarehe, kiache kwenye friza. Na ule ukurasa wa daftari usiuchane, nakujua.

Kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi kesho nimempa machungwa ya Muheza na dagaa. Kapokee Mbezi saa saba, usichelewe, dagaa wananuka na kondakta ameshaanza kulalamika.

Mama yako