Mheshimiwa Waziri wa Elimu, ufunguo wa chumba cha kompyuta uko kwa nani?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kayole. Niko na saiba hapa, duka la kutumia kompyuta na intaneti kwa kulipia, kompyuta tisa, mbili zimekufa, watoto wa mtaa wananiita anti wa saiba. Kazi yangu ni kuprinti asaimenti, kutolea watu PIN ya kodi ya KRA, kuwajazia fomu za HELB za mkopo wa chuo na za KUCCPS za kuomba nafasi ya chuo. Digrii ya kompyuta sina, sikudanganyi. Lakini vile wavulana na wasichana wanatumia hizi mashine nimeona kila jioni kutoka hii kaunta na ndio maana nakuandikia.

Wavulana wanakuja kucheza. Gemu ya mpira, ya magari, kelele mpaka nawafukuza. Alafu gemu ikikwama mmoja anaingia kwa setingi anaanza kubonyeza bonyeza, mwingine anataka kujua mbona mashine namba nne iko slo, na mwaka jana kuna kijana wa kidato cha pili aligundua njia ya kuzima ile programu yangu ya kuhesabu dakika, akawa anakaa lisaa lizima amelipa shilingi kumi tu. Nilimpigia mamake simu nikiwa nimewaka moto. Usiku nikifunga mlango ndio nikajiambia, lakini huyu si ameshaanza kazi ya kompyuta na hakuna mtu amemfundisha?

Wasichana wanakujanga wametumwa. Hata hakai, anasimama hapo kwa kaunta, anaprinti, analipa, huyo ameenda, juu nyumbani kuna jiko la kuwasha na mtoto wa kubeba. Na siku maji yamerudi mferejini usiseme, hiyo siku simwoni hata mmoja, wote wako kwa laini na mitungi. Hakuna aliyemkataza kompyuta. Ni vile tu hana lisaa la kuchezea kitu bila kutumwa, na hii maneno ya koding, kuiandikia kompyuta maagizo, inaanzia kwa kuchezea.

Juzi mmoja wa gredi ya nane alibakisha shilingi kumi ya kuprinti nikamwambia basi keti. Nikamfungulia Scratch, programu ya watoto kujifunza koding, ile ya paka, ni ya bure na ukishaiweka haitaki bando. Dakika kumi hazijaisha paka anatembea, anagonga ukuta, anarudi. Mara programu yangu ikafunga skrini. Hakulalamika, aliniuliza tu, anti, nani aliambia hii kompyuta shilingi kumi ni dakika kumi? Nikamwambia kuna mtu alikaa chini akaiandikia hivyo. Akaniuliza, aliandika wapi?

Nikamuuliza kwani shuleni hamna kompyuta. Anasema ziko, zimefunikwa na kitambaa, ukiingia unavua viatu, lakini mlango una kufuli na unafunguliwa wageni wakija. Shule sitaitaja, na si hiyo peke yake, nimeuliza wengine wanaokuja hapa na hadithi ni ile ile. Sababu pia nazijua. Stima ni ghali, wezi wako, mwalimu anayejua kompyuta ni mmoja na ana masomo mengine, na mashine ikiharibika yeye ndiye anaandikiwa barua. Ningekuwa yeye hata mimi ningefunga.

Kwa hivyo nikisikia tena kuna siku ya kuwatia moyo wasichana waingie teknolojia, tishati, juisi, mtu wa kutoka ofisi kubwa anawaambia mnaweza, nachoka. Moyo wametiwa. Mifano iko hapa hapa Nairobi, Ushahidi, ile tovuti ya kukusanya ripoti za vurugu za uchaguzi, ilipoanza 2008 Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa kati ya waanzilishi, na AkiraChix imekuwa ikifundisha wasichana koding tangu 2010. Tableti za watoto wa darasa la kwanza zilianza kugawanywa 2016, mtaala wa koding KICD, taasisi ya mitaala, iliupitisha 2022. Vitu viko. Masaa ya kukaa navyo ndiyo hayako.

Kuna chuo Marekani kinaitwa Carnegie Mellon. Mwaka wa 1995 wasichana walioingia kusoma kompyuta pale walikuwa asilimia 7, kufika 2000 wakawa 42. Sio ati walirahisisha masomo. Waliona wavulana wengi wanakuja wakiwa wamechezea kompyuta nyumbani miaka mingi na watu wanadhani hiyo ndiyo akili, basi wakaacha kutumia huo uzoefu kuchagua nani anaingia, na wale hawajawahi kuandika koding wakawekewa mahali pao pa kuanzia. Sasa huku kwetu mtoto anachagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu akiwa gredi ya tisa. Huyu wangu wa paka atajuaje kama kompyuta ni yake na amekaa nayo dakika kumi maisha yake yote?

Ombi langu ni moja, nisikusumbue sana. Toa waraka vyumba vya kompyuta viwe wazi kila siku masomo yakiisha, hata kama ni lisaa limoja na nusu, na siku mbili za wiki ziwe za wasichana peke yao, juu zikiwa za wote najua nani atashika kibodi na nani atasimama nyuma akiangalia. Shule ipewe pesa ya stima na ya mtu wa kukaa pale. Alafu mwalimu asilipishwe mausi ikivunjika, mausi huvunjika. Na maafisa wako wakienda kukagua wasiulize kompyuta ni ngapi, waulize wiki hii zimewashwa masaa mangapi, na nani alikuwa ameketi.

(Maktaba kama ile ya Kaloleni na ya Makadara ni za kaunti, najua si za kwako, lakini mkikutana na gavana mtajie pia.)

Mimi nimeanza na kidogo changu. Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi mashine nne ni za wasichana, bure. Wiki ya kwanza walikuja wawili, mmoja amebeba mtoto wa dadake mgongoni. Ukitaka kuona mwenyewe shuka Masimba, uliza saiba ya anti, ni mlango wa kijani. Ila usije mwisho wa Juni, hapo watu wanafaili ritani za KRA na utakosa hata pa kusimama.

Anti wa saiba,
Kayole