Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kusoma Kitaino

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kazi ya mwaka mzima. Habari za ada na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia kilichotushughulisha zaidi, yaani Kitaino, lugha ya jamii ya Kiarawaki iliyozungumzwa Hispaniola (kisiwa chenye Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo), Cuba, Puerto Rico na Bahamas wakati Wahispania walipotia nanga mwaka 1492.

Kitaino hakikuandikiwa kamusi wala sarufi wenyewe walipokuwa wakikisema. Maneno yake tunayaokota ndani ya vitabu vya wageni: mtawa Ramón Pané, aliyeishi na Wataino na kuandika maelezo yake karibu na mwaka 1498; kasisi Bartolomé de las Casas; na mwanahistoria Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo. Maandishi ya Pané yenyewe yamepotea. Tulichonacho ni tafsiri ya Kiitaliano iliyochapwa Venice mwaka 1571, na humo majina mengi yamevurugika.

Uliowavuta wengi wenu ni msamiati wa muhogo. Wataino waliuita yuca. Waliukuna kwa guayo, wakaukamua maji yake yenye sumu ndani ya cibucán, mfuko mrefu wa kusukwa, wakauchekecha kwa hibiz, kisha wakautandaza juu ya burén, kikaango bapa cha udongo, ukaiva kuwa mkate wa casabe. Waliokulia penye bada na makopa waliifuata kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili. Hata neno letu mbatata ni la kwao: ni batata ya Wataino, lililotufikia kwa Wareno.

Lakini tazameni kilichosalia: vyakula, vyombo, miti, cheo cha cacique, yaani mtawala wao, na dhahabu, kwao caona. Mgeni aliandika alichotaka kukila, kukichukua au kukitawala. Sentensi ni za kuokoteza. Mojawapo imo kwa Pané: “Dios naboría daca”, mimi ni mtumishi wa Mungu. Aliisema Mtaino aliyebatizwa kwa jina la Juan, wakati akiuawa. Ile da- ya daca ni nafsi ya kwanza, na Walokono wa Guyana na Suriname, wenye lugha ya jamii hiyo hiyo ya Kiarawaki, wanayo mpaka leo. Kwangu mimi sentensi hiyo moja inafunza zaidi ya orodha nzima ya majina ya miti. Waciguayo, majirani wa Wataino huko Hispaniola, walipata hasara kubwa zaidi. Las Casas ametuachia neno lao la dhahabu, tuob, na karibu hakuna jingine.

Kazi ya shuruti machimboni, njaa, na ndui iliyoingia Hispaniola mwishoni mwa 1518 viliwamaliza wasemaji kwa kasi ya kutisha. Hata hivyo wapo watu Puerto Rico, Cuba na Jamhuri ya Dominika wanaojitambulisha kuwa Wataino, na nawasihi tusiwaandike kama watu waliokwisha.

Kwa kuwa orodha ya majina pekee haitoshi, kamati inaleta pendekezo: fomu yetu ya kukusanyia msamiati wa wazee ibadilishwe. Kila neno liambatane na sentensi nzima kama ilivyotamkwa, pamoja na sauti iliyorekodiwa. Tuulize bibi anavyomgombeza mtoto na anavyompa mgeni pole, tusiishie kwenye majina ya mimea. Kazi itakwenda taratibu zaidi. Naomba mkubali hivyo hivyo. Rasimu ya fomu iko kwa katibu, na kura itapigwa kwenye mkutano mkuu.